Muuza Nyama Aliyeipunguza Theluji

Cataldo Miccoli ameuza nyama mkabala na saluni yangu ya kunyoa kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo sijaona akikosea uzito wa kipande. Ukimwambia nusu kilo, kisu kinashuka mara moja, na mizani inasema nusu kilo. Natanguliza hilo ili mtu asimdhanie kuwa ni mropokaji. Kwenye nyama ana macho. Kwenye theluji alikuwa mgonjwa kama sisi wengine.

Sisi wengine ni watu kumi na wanne, wote wa Torremurgia na vitongoji vyake, wenye kundi la simu la kufuatilia theluji. Huku kwetu haianguki kila mwaka. Inataka baridi itoke Balkani, ivuke Adriatiki, ibebe unyevu wa bahari, na upepo uwe wa kaskazini-mashariki hasa. Ukipinda kidogo tu, mawingu yanakwenda kuwamwagia watu wa kusini ambao hata hawaitaki, na sisi tunabaki kuhesabu nyota. Kwa hiyo kuanzia Desemba hadi Machi tunaishi na rada mikononi, na usiku tunachungulia madirishani kwenye mwanga wa taa za barabarani, kwa sababu chembe ya kwanza huonekana pale kabla ya popote. Wake zetu wana maoni yao juu ya jambo hili na hawayafichi.

Akipenda, chongo huita kengeza. Mwenzetu akiwa na ramani tano za kompyuta, nne zikisema hakuna kitu, atatutumia ile ya tano, na sote tutamshukuru. Mimi pia nimefanya hivyo, na nitafanya tena.

Lakini Cataldo ndiye aliyelipia. Miaka miwili iliyopita aliishawishi kamati ya moto wa sikukuu ya Mtakatifu Antonio, ule tunaouwasha uwanjani kila Januari, iuwashe siku moja kabla ya tarehe yake, maana usiku wenyewe, alisema, tungekuwa na theluji hadi magotini. Wakamsikiliza, kwa kuwa ni mtu mzima na anauza nyama nzuri. Usiku wenyewe ukaja na joto kama la Aprili. Sisi tulisimama uwanjani mbele ya majivu ya jana, tukitazama moto wa kijiji jirani ukiwaka kilimani. Mwaka mzima watu waliingia buchani kwake na kusema, "Cataldo, nipimie gramu mia tatu za theluji, na usiniwekee mifupa."

Na kulikuwa na suala la mama yake. Bibi Vitantonia ana miaka themanini na moja na anaishi peke yake shambani, kilomita saba kutoka mjini, mwisho wa njia nyembamba iliyobanwa na kuta za mawe pande zote mbili. Figo zake zimechoka. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi gari linamchukua asubuhi kumpeleka hospitali kwenye mashine ya kusafisha damu. Akikosa siku moja, maji yanamjaa mwilini. Aliwahi kukosa, yakafika kwenye mapafu, na daktari akamwambia Cataldo waziwazi kwamba mara nyingine huenda asimkute. Basi Cataldo alipoiona theluji kwenye ramani usiku wa kuamkia siku ya mashine, alikwenda kumchukua mama alale mjini, karibu na barabara kubwa. Alimleta mara mbili. Mara zote mbili kulikucha kukavu, jua linawaka, na bibi akakaa kwenye kochi la sebuleni akilalamikia mto wa kulalia.

"Theluji yako tamu, mwanangu," alimwambia mbele yetu. "Hailowanishi hata viatu."

Baada ya ule moto, Cataldo alifungua daftari lake akahesabu. Theluji alizotangaza zilikuwa ishirini na mbili. Zilizoanguka zilikuwa sita. Mtu mwingine angelitupa daftari lile. Yeye akatunga kanuni, akatusomea buchani huku akinoa kisu.

"Macho yangu yana tamaa," alisema. "Sasa nitayakata. Yakiona kumi, mdomo useme tatu. Yakiona tatu, mdomo unyamaze."

Tulimcheka, lakini msimu uliofuata kanuni ilifanya kazi. Desemba sote tulipiga kelele, yeye akasema haiji, na haikuja. Januari vilevile, mara mbili. Watu wakaanza kumsimamisha njiani kumuuliza, na hakuna aliyetaja gramu mia tatu tena. Palmira, mkewe, ambaye hukaa kwenye kaunta ya kulipia, aliwaambia wateja, "Mume wangu amepona." Nilimwona akinenepa kwa heshima. Nilimwonea wivu, kusema kweli.

Ikaja Jumatatu moja ya Februari. Saa kumi jioni niliacha mteja na sabuni shavuni nikavuka barabara na simu yangu. Ramani nne kati ya tano zilikuwa zimekubaliana, jambo ambalo halitokei, na upepo ulikuwa umeshageuka. Unapovuma kutoka upande ule, mlango wa bucha la Cataldo hugongagonga wenyewe, na siku ile uligonga.

Alitazama ramani zangu muda mrefu. Simu yake mwenyewe aliiweka ndani ya mfuko wa plastiki kando ya mizani, kwa sababu ya vidole vyenye mafuta, na humo alikuwa ameshaziona zote.

"Unaona ngapi?" nikamuuliza.

"Thelathini."

"Sentimita thelathini?"

"Macho yanaona thelathini, kinyozi. Kwa hiyo zitaanguka tisa, kumi. Kumi hazifungi njia."

"Na mama yako? Kesho Jumanne."

Hapo Palmira akainua kichwa. "Msianze. Nimetoka kulifua lile kochi."

Cataldo alishika ukingo wa meza. Mtu yeyote angejua anachopima. Toka Jumamosi mpaka Jumanne ndiyo nafasi ndefu kuliko zote katika juma. Mwili wa bibi ulikuwa umeshabeba maji ya siku mbili, na hauwezi kubeba ya siku ya tatu na ya nne.

"Nikimleta bure mara ya tatu," alisema taratibu, "mara ya nne hatakubali kupanda gari. Na mara ya nne ndiyo itakuwa ya kweli. Wewe unaonaje?"

Niliona nini? Niliona thelathini, kama yeye. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi nilikuwa pale uwanjani mbele ya yale majivu. "Kanuni ni kanuni," nikamwambia. Maneno hayo bado yananikera.

Saa kumi na moja simu ikalia ndani ya mfuko wake. "Mama huyo," akasema, akaiweka sikioni na plastiki yake.

"Shikamoo, Mama... Ndiyo, nausikia, hata huku unavuma... Hapana. Hapana, Mama, haiji... Nimeangalia, nimeangalia vizuri. Chembe mbili tatu, hazitashika hata kwenye paa... Gari litakuja saa kumi na mbili na nusu kama kawaida. Haya, ulale salama."

"Alikuwa anataka nini?" Palmira akauliza.

"Anauliza kama inakuja."

"Anataka cha kukucheka kesho, huyo."

Cataldo akacheka kidogo, akarudi kwenye soseji zake.

Usiku ule kundi zima lilikuwa macho. Saa tano Gaspare, mkulima wa zeituni mwenye trekta, aliandika: *Imeanza huku, kubwa kama manyoya ya bata.* Saa sita niliiona kwenye taa iliyo mbele ya saluni. Saa saba sikuiona taa yenyewe. Wingu moja likimaliza kumwaga, rada inaonyesha lingine linatoka baharini kwenye mstari uleule, na nyuma yake lingine, yote yakituelekea sisi. Miaka ishirini nimeisubiri theluji ya namna ile. Nilitoka nje kwa viatu vya ndani, nikasimama katikati ya barabara nikicheka peke yangu. Nilikuwa na furaha kubwa, na sitadanganya kwamba wakati ule nilimkumbuka Bibi Vitantonia.

Nilimkumbuka nilipoona mwanga kwa Cataldo na yeye yuko uani na sepeto, anafukua gari. Alikuwa anafukua, na upepo unamrudishia.

"Acha hilo," nikamwambia. "Tumpigie Gaspare."

Gaspare hakuuliza kitu. Alifika na trekta saa kumi alfajiri, tukabanana watatu kwenye kibanda chake. Barabara kubwa ilipitika. Ile njia ya shambani haikuwa njia tena: upepo ulikuwa umeijaza toka ukuta hadi ukuta, na mahali pengine kuta zenyewe zilikuwa zimezama. Tulikwenda mita hamsini, tukashuka, tukachimba, tukapanda, tukaenda thelathini. Simu ya bibi haikupokelewa. Umeme ulikuwa umekatika upande ule. Simu zetu ndizo zililia bila kukoma. *Cataldo, umepima? Cataldo, kwako zimefika ngapi? Wanasema thelathini na nane! Andika historia, kaka!* Mwishowe aliitoa simu mfukoni, akaizima, akaendelea kuchimba. Gaspare alisema mara moja tu, "Twende, twende," nadhani alikuwa akiliambia trekta.

Tulifika saa mbili na nusu. Bibi alikuwa ameketi wima kwenye kiti mbele ya meko, maana akilala hapati pumzi. Miguu ilikuwa imevimba hata soksi zimemkata. Alitutazama mmoja mmoja, akavuta hewa, akasema, "Mmechelewa kwa kahawa." Cataldo alipiga magoti akaanza kumvalisha viatu, vikakataa kuingia, akavua koti lake, akachukua na langu, akamfunga miguu kwa hayo. Tulimbeba na kiti chake. Mimi na Cataldo tulisimama nje nyuma ya kibanda, tumening'inia, ili yeye apate nafasi, na kila trekta liliporuka nilimsikia Cataldo akitaja watakatifu niliokuwa sijui kama anawajua.

Gari la wagonjwa lilitukuta barabara kubwa. Saa tano bibi alikuwa kwenye mashine. Daktari alitutokea akiwa na uso wa mtu ambaye hakuwa na uhakika tangu asubuhi, akasema angechelewa kidogo tu tusingekuwa tunaongea hivi. Wamemtoa maji karibu lita nne. Atapona.

Alasiri walituruhusu kuingia. Alikuwa kitandani, mdogo kuliko nilivyomzoea, na pumzi imerudi. Nje ya dirisha kila kitu kilikuwa cheupe na wauguzi wanapiga picha. Cataldo aliketi ukingoni mwa kitanda, kofia mikononi, na viganja vimechubuka kwa sepeto.

"Mama, nisamehe."

"Nikusamehe kwa lipi? Wewe ndiye umeileta?"

"Niliiona. Niliiona yote kwenye ramani tangu jana saa sita mchana. Nikaipunguza."

"Ukaipunguza?"

Akamweleza ile kanuni: yale macho yenye tamaa, kumi kuwa tatu, daftari, theluji ishirini na mbili na sita. Alieleza vibaya, anarudi nyuma, anasahau. Bibi alimsikiliza hadi mwisho.

"Na mimi nilidhani ni mimi nimezeeka," alisema. "Ule upepo niliujua. Jana mchana niliingiza kuni, nikafunga mkoba, nikauweka mlangoni, nikavaa koti. Nikakupigia uje unichukue."

"Hukusema nije."

"Nilikuuliza kama inakuja. Ukasema haiji. Nikavua koti."

Cataldo alimtazama kama mtu aliyepimiwa kitu asichokiagiza. "Lakini Mama, wewe ndiye ulikuwa unanicheka kuliko wote."

"Nilikucheka, ndiyo. Nani asingekucheka? Lakini kila mara uliposema inakuja, mimi nilifunga mkoba. Hata zile ambazo hukuja kunichukua. Muulize dereva wa gari la hospitali kama hakuwa anaukuta pale mlangoni. Asubuhi naufungua, nacheka, narudisha gauni kabatini. Umenichosha nini? Gauni halina uzito."

Cataldo akalia pale pale mbele ya muuguzi, mtu mzima wa kilo mia na kumi, na mimi nikageukia dirisha kwa kuwa sikujua pa kuweka uso. Bibi alimwacha alie. Kisha akamshika kidole kimoja, kile chenye kovu la kisu.

"Watu wa mjini wapunguzie upendavyo," alisema. "Mimi niletee yote. Nitaipunguza mwenyewe."