Kobe wa Soin kwenye Ukuta wa Vibuyu

Siku ya kwenda Soin tulikuwa wanne kwenye gari la shemeji. Shemeji mwenyewe, ndugu mdogo wa marehemu mzee wangu, ndiye aliyeendesha. Kando yake nilikaa mimi. Nyuma alikaa mkaza mwana wangu, mke wa kitinda mimba wangu, aliyezaliwa Kisii akaolewa kwetu huku kwenye majani chai, na binti yake, mjukuu wangu, aliyekuwa darasa la nne. Kule Soin alitungoja mwalimu mstaafu, mama aliyemfundisha shemeji kusoma. Majina yao yote ninayo, ya ubatizo na ya nyumbani, hata la ng'ombe aliyekuwa anakamuliwa wakati tunaondoka. Lakini mjukuu amenikataza kuyaandika. Amesema, "Gogo," kama watoto wa huku wanavyomwita nyanya, "watu wataanza kunipigia simu." Sawa, nimeyaacha kichwani.

Safari ilikuwa ya huyo mtoto. Ana pumu. Manyoya yakimkaribia, kifua chake kinaanza kupiga filimbi. Paka wetu tulimtoa, mbwa wake akaenda kwa jirani, na tangu hapo mtoto akawa anasimama kwenye ua akiangalia watoto wa wenyewe wakimrushia mbwa wake fimbo. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Ndipo shemeji akakumbuka kwamba mwalimu wake wa zamani alikuwa na ruhusa ya kufuga kobe, na kobe hana unyoya hata mmoja.

Mimi nilipiga simu mara moja. Kwa furaha niliyokuwa nayo nilisema kama ulimi wangu wa Kikipsigis unavyosema: "Mwalimu, tunakuja kuchukua kope." Mkaza mwana akaanguka kwenye kiti kwa kicheko. Njia yote ya Soin alikuwa ananichokoza.

"Mama, ukiitisha kope utapewa zile za saluni. Tutarudi nyumbani macho yako yanapepea!"

"Wewe nyamaza. Wewe ulipokuja hapa ulionja mursik, maziwa yetu ya kibuyu, ukayaita yaliyoharibika."

"Na bado nasema!"

Mtoto naye anapiga makofi nyuma, "Sema ko-be, gogo! Ko-be!"

Soin ni huko chini, kwenye joto. Kwetu sweta haivuliwi, lakini hapo nilivua sweta kabla sijasalimia mtu. Mwalimu alitupeleka nyuma ya nyumba. Palikuwa na uwanja wa mchanga na mawe, na kobe wanatembea humo kama ng'ombe waliofunguliwa asubuhi, wakubwa kwa wadogo, magamba yao ya manjano yenye madoadoa meusi. Mimi na umri wangu wote sikuwahi kuona kobe zaidi ya mmoja. Moyo wangu ulikuwa unaruka kuliko wa mtoto.

Mjukuu alikimbilia mdogo mmoja mzuri, gamba linang'aa, amelala kwenye kona. "Huyu, gogo! Ametulia."

"Ndama aliyetulia hivyo sokoni hanunuliwi," nikamwambia.

Mwalimu akacheka. "Mama amesema kweli, huyo ana mafua kidogo, namtibu. Mchagulie basi kama unavyochagua ndama."

Basi nikainama. Nikaangalia macho, yawe wazi. Nikaangalia pua, iwe kavu. Nikaangalia miguu: anainua tumbo juu ya ardhi, au analiburuta? Kulikuwa na mmoja ukingo wa gamba lake umemegeka, kidonda cha zamani kilichopona. Huyo alikuwa amepanda juu ya mgongo wa mwenzake ili awahi majani ya boga. Nilipomwinua alikuwa mzito kama jiwe la kusagia, na akanipiga mateke mkononi.

"Lakini amevunjika," mtoto akasema.

"Mshike kwanza."

Akamshika. Kobe akapiga teke, halafu akaachilia mkojo wote, na mkojo ukaenda moja kwa moja kwenye viatu vya mama yake.

"Wee! Viatu vya kanisa!"

Mtoto akacheka. Alicheka mpaka akajikunja, na sisi wakubwa wote tukanyamaza ghafla, kwa sababu kicheko kama hicho ndicho huleta filimbi. Tukasikiliza. Haikuja. Alikuwa anahema tu kama mtoto yeyote, kobe kifuani.

"Ni huyu," akasema.

Mwalimu akatueleza kwamba kobe angebaki Soin kwanza. Afisa wa wanyamapori angekuja kwetu kuona makao, na asiporidhika, hakuna kobe. "Mpatieni jua, mpatieni kivuli, mpatieni maji," akasema. Tuliyabeba maneno hayo kwa uangalifu mkubwa. Kwa bahati mbaya, jua lilianguka njiani. Tulifika nyumbani na kivuli na maji.

Unajua mtu wa majani chai ukimwambia kivuli na maji anasikia nini? Anasikia kitalu. Shemeji ana kitalu cha miche ya chai kinachosifiwa mpaka ng'ambo ya mto. Alikuja na fito, akazipinda, akafunika kwa polithini, juu akaweka majani ya kuzuia jua. Ndani tulimwaga udongo mweusi uliochekechwa. Mjukuu akapewa kazi ya kunyunyizia maji asubuhi na jioni, na hakusahau hata siku moja. Palikuwa pazuri. Ungepaona ungetamani uwe mche.

Afisa alikuja, kijana mrefu wa huku kwetu. Akainama, akaingiza mkono chini ya polithini, akautoa umelowa.

"Mama, hapa mnapanda nini?"

"Hatupandi. Ni nyumba ya kope."

Yeye ni mtoto wa Kipsigis, hakusikia kosa lolote. Mkaza mwana akajifanya anakohoa.

"Hii nyumba itamuua," afisa akasema, polepole, kama mtu anayejua anavunja roho za watu. "Huyo ni mnyama wa pakavu. Akilala kwenye maji na baridi hivi, mapafu yake yataugua. Atapumua kwa shida."

Mjukuu alikuwa amesimama na ndoo yake ya kunyunyizia. Akaiweka chini.

"Kama mimi?" akauliza.

Afisa alimwangalia, akaangalia miche ya shemeji, akasema angepita tena wiki ijayo. Akikuta vilevile, asingeweza kutoa ruhusa.

Afisa alipoondoka, shemeji alikaa kwenye jiwe. "Pakavu nitapatoa wapi? Huku mvua ikikosa saa kumi watu wanaulizana imeenda wapi." Mtoto akaanza kung'oa polithini mwenyewe, uso ule ule wa kwenye ua. Mimi sikutaka kuuona uso ule tena. Nikageuka niangalie pengine, na macho yangu yakaangukia ukuta wa jikoni.

Ule ukuta wa udongo ndipo ninapokausha vibuyu vya mursik. Jua la asubuhi linaugonga, ndani kuna moto tangu alfajiri, na paa limetoka mbele sana. Kibuyu kikipata unyevu kinaota ukungu na maziwa yanaharibika, kwa hiyo mahali hapo nimepalinda tangu nilipoolewa. Hakuna anayeegemea, hakuna anayeanika kitu.

"Vibuyu vihame," nikasema.

Mkaza mwana akashika kiuno. "Mama! Mimi niliomba nianike nepi za huyu mtoto hapo, mvua inanyesha, ukanikatalia!"

"Nepi hazina mapafu."

Wote wakacheka, hata mtoto, na shemeji akainuka kwenye jiwe lake.

Vibuyu vilipanda juu ya jiko. Chini ya ukuta tuliinua ardhi kwa changarawe na mchanga, tukachimba mtaro kuzunguka ili maji yapite mbali. Ua tuliufanya wa mbao zisizo na nafasi, kwa sababu mwalimu alituambia kwa simu kwamba kobe akiona nje atasukuma siku nzima. Mbele shemeji aliongeza paa la mabati yale meupe yanayopitisha mwanga. Tukaweka sanduku lenye nyasi kavu likigusa ukuta wenye joto, na sinia la maji mafupi. Upande wa jua mjukuu alipanda nyasi na mchunga, na bila kuambiwa akachoma fimbo ardhini kuonyesha jua linafika wapi asubuhi na wapi mchana.

Afisa aliporudi mvua ilikuwa inapiga mabati mpaka tunaongea kwa kupiga kelele. Nilifurahi! Sikutaka aje siku ya jua. Akaingiza mkono kwenye mchanga, akautoa, akapuliza vumbi kwenye vidole.

"Mama," akasema, "umeleta Soin hapa."

Nilimshika mkono huo wa vumbi kwa mikono yangu miwili. "Kongoi, mwanangu, asante. Kongoi."

Kobe akaja. Tulimweka chini, akaingia kwenye sanduku, akajifungia kichwa na miguu. Hakula. Kesho yake hakula. Mtoto alilala kifudifudi nje ya ua akimnong'oneza, kisha akaja jikoni.

"Gogo, amekataa kwetu?"

Mkaza mwana ndiye aliyejibu. "Mimi nilipoolewa hapa nilikaa njaa vilevile. Mwache azoee harufu."

Halafu asubuhi moja jua liligonga ukuta, na mimi nilikuwa ndani napuliza moto. Nikasikia ukelele. Nikatoka na mwiko mkononi. Yule mwenye gamba lililomegeka alikuwa ametoka kwenye sanduku, shingo nje yote, tumbo juu ya ardhi, anatembea kama mtu anayechelewa sokoni. Akafika kwenye chakula, akafungua mdomo, akauma. Sauti ilisikika, kru.

"Anakula! Gogo, anakula!"

Wachuma majani walisimama shambani na vikapu mgongoni. Mtoto alikuwa ameshapita katikati ya chai anakimbia kumwambia shemeji, mbio za mlima, akipiga kelele njia yote. Mimi nilibaki nimetega sikio kwa ile filimbi. Nilisikia kelele zake tu, mpaka zikaisha upande wa pili.

Kuna jambo moja bado tunabishania. Mimi nasema alianza na ua jekundu la haibiskasi, mkaza mwana anaapa lilikuwa jani la boga. Kama ulikuwa kati ya wale wachuma na uliona vizuri, au kama kuna mwingine hapa nimemweka mahali ambapo hakuwa, njoo unisahihishe, sitakasirika. Lakini uje asubuhi, mvua haijafika, umkute na yeye ametoka nje.