Kanisa la Jabalini

Ubani ukitiwa kwenye chetezo, mpaka leo nnaikumbuka ile picha. Mfanyakazi wa nyumba yetu ya mtaa wa Wattaya, mwanamke wa Kihabeshi, akiificha ndani ya foronya: upande mmoja kanisa la kale lililochongwa jabalini, upande wa pili kuta zake za ndani, zimejaa watakatifu wa rangi nyekundu na manjano.

"Wema wana macho mawili," alinambia kwa Kiswahili alichokiokota jikoni kwetu. "Mbaya anachorwa upande, jicho moja."

"Nani kalichonga?"

"Babu zangu. Kwa patasi, miaka na miaka."

Nikaona raha, nikaichukua bila ya kumwambia, nimwonyeshe shangazi. Watu wanamsifu shangazi kwa ibada; mimi nnamtaja yule mfanyakazi, si mwengine. Shangazi aliitupa ile picha kwenye makaa ya chetezo.

"Masanamu ndani ya nyumba yangu," akasema. "Umefanya vyema kuniletea, mwanangu."

Mwenye picha alikuwa mlangoni na sinia la mchele.

"Kanisa lipo palepale, bi mkubwa," alisema taratibu. "Hiyo karatasi tu."

Shangazi akanikatia kipande cha halua, kikubwa kuliko cha siku zote. Nikakila chote, na yule mwanamke ananitazama.