Mzee Aliyenishikia Kikaango

Tulikuwa watano siku hiyo hapa Obunga: mimi, mdogo wangu wa kike, jirani yangu tunayekaanga naye samaki bega kwa bega, binti yake, na kocha wa netiboli kutoka Kaloleni. Kocha alikuja akitembea polepole, nikajua hajaleta ratiba ya mechi. “Mzee ametuacha,” akasema. Jirani akaweka mwiko chini. Mimi niligeuza samaki waliokuwa motoni, maana sikujua la kufanya na mikono yangu.

Mnaonisoma mnajua sikuumbwa mwepesi wa kuamini. Wazazi walipofariki niliacha shule darasa la saba, nikawalea wadogo zangu wanne kwa mgongo wazi, ile mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki na vichwa vyake minofu ikishaondolewa. Basi vilabu vitatu vya netiboli vilipotangaza kwamba vitashirikiana, Ahero watoe uwanja, Kaloleni watoe kocha, Obunga tutoe wasichana, nilisimama mkutanoni nikauliza: mbona sisi ndio tunaotoa watu? Nimeona ushirikiano mwingi ukiishia kwenye soda na picha. Huyu mzee, kipa wa zamani, ndiye aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba na daftari, akiandika majina ya wasichana. Nikamwita mwizi wa majina mbele ya watu wote. Alicheka tu.

Wiki iliyofuata, Jumamosi asubuhi, akaja kwangu. “Dada, mdogo wako acheze leo.”

“Mzee, jina lake mnalipeleka wapi?”

“Nenda Ahero ukaone mwenyewe. Nipe huo mwiko.”

Niliwahesabu samaki mbele yake, kisha nikaenda na mdogo wangu. Jirani aliniambia baadaye kwamba wateja walimsumbua mchana kutwa: “Kipa, leo unadaka mifupa? Usituunguzie, bwana!” Mimi kule Ahero nilitafuta hila kila mahali. Niliomba daftari kwa kocha, nikalisoma ukurasa kwa ukurasa. Kando ya kila jina aliandika saa ambayo nyumba inaweza kumwachilia msichana. Huyu akishachota maji. Huyu, mama yake akirudi kutoka sokoni. Kando ya jina la mdogo wangu: “Dada yake ana shaka. Ana haki.” Saa hizo ndizo walizopangia mechi, na mafuriko yakiingia uwanja wa Ahero, mechi zinahamia Kaloleni kwa saa zilezile. Ndiyo maana wasichana walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona.

Niliporudi nilihesabu tena, samaki waliobaki na pesa za waliouzwa. Wanne hawakuwepo. Kabla sijafungua mdomo akasema, “Waliungua, nikawala mwenyewe. Vichwa vyao hivi hapa.” Alikuwa amevipanga kwenye sahani kama ushahidi. Nilipomuuliza nimlipe nini, alisema siku moja nishike kikaango cha mwingine.

Shaka yangu haijafa. Mazishini walikuja watu wenye fulana mpya, wanaosema ushirikiano ni wao, wakiulizia daftari. Kocha alikuwa ameshanikabidhi mimi, na sikuwapa. Uwanja wa Ahero na kocha wa Kaloleni ni vitu vizuri, lakini msichana huzuiwa jikoni kabla hajazuiwa uwanjani, na hakuna fulana inayokaanga samaki. Anayeshuku ana haki. Ila aende mpaka mwisho akaone, na akishaona, asirudi kukaa kitako.

Nayasema haya huku nikiwa nimekaa. Jina la mwisho katika daftari ni la binti wa jirani yangu, yule aliyekuwa nasi siku ya habari. Mwandiko wa mzee umeshaanza kutetemeka: “Bado. Mama hana wa kumshikia kikaango.” Kati ya moto wangu na wa jirani ni hatua tatu. Jumamosi iliyopita wenzake binti huyo walienda Ahero, naye akabaki akigeuza samaki, nami nikageuza wangu, na hakuna kati yetu aliyemtazama mwenzake.