Msaidizi wa Kushika Futi

Kila asubuhi watu wa nyumba ile walinyata kama wezi ndani ya nyumba yao wenyewe. Mama alishusha sauti, Fundi, binti yake mkubwa, alikunja shuka polepole, na wote wawili wakatega sikio upande wa chumba cha Kitinda. Akivaa sare ya shule, huenda leo ikawa leo. Kisha walimsikia akitapika, na Mama akashika njia kwenda kufagia korido za hospitali bila kumtazama mtu usoni.

Kitinda alikuwa kitindamimba wa nyumba, na jina lilimganda tangu yuko mgongoni. Sasa alikuwa na miaka kumi na minne. Kichwani hakuwa haba, hesabu alizimeza kama maji. Ila tangu muhula uliopita, akilikaribia geti la shule miguu ilikufa ganzi, pumzi ikakatika, na jasho likamtoka hata kukiwa na baridi. Majirani, ambao hawajawahi kukosa dawa ya mtoto wa mwenzao, walisema amedekezwa. Mmoja alipendekeza fimbo. Fundi, aliyekuwa akimshonea jirani huyo gauni, alimwambia aangalie sana, maana gauni linaweza kutoka na mkono mmoja.

Huyo Fundi ndiye dada yake mkubwa, mshonaji wa sare za shule, na ndiye mtu pekee ambaye Kitinda aliweza kutoka naye nje. Walikwenda wote kwenye kibanda chake cha kushonea, mdogo akakaa nyuma ya cherehani akikunja pindo na kutia vifungo. Watu walidhani ni uvivu wa shule. Fundi aliyaona yale mabega yalivyoruka kila kengele ya shule ilipolia kwa mbali, na moyo ukamuuma.

Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Alimwita Fundi akamweleza kwa upole kwamba asiyeonekana darasani kabla ya Ijumaa, jina lake haliendi kwenye mtihani wa mwisho. Maji yakamfika Fundi shingoni. Alilala na wazo hilo, akaamka nalo, na likazaa jingine.

Shule ile ilikuwa na desturi ya kumwita fundi aje apime wanafunzi darasani mwanzo wa muhula, kuliko watoto kuranda kibandani kwake. Basi Fundi akamwambia mdogo wake, "Kesho nina kazi ya kupima shuleni. Nahitaji mtu wa kunishikia futi."

Kitinda aliitazama sare yake ukutani. "Naingia kama mwanafunzi?"

"Unaingia kama msaidizi wangu. Sare yako iache hapo ukutani."

"Na tutatoka pamoja?"

"Tutatoka pamoja."

Na kweli, yule mtoto alivuka geti. Alivuka akiwa amemshika dada yake kiwiko, futi ikining'inia shingoni, midomo imekauka, lakini alivuka. Darasani wenzake walimzunguka wakitaka kuwa wa kwanza. Kitinda akawapima mabega na viuno, akitaja vipimo kwa sauti iliyozidi kupanda. "Simama wima," alimwambia msichana mmoja aliyebana tumbo. "Hiyo pumzi utaiachia lini, siku sketi ikipasuka?" Darasa likacheka, naye akacheka. Fundi hakuwa amekisikia kicheko kile kwa muda mrefu, na kilimlevya.

Hapo ndipo alipokosea. Mkate ulikuwa mkononi, yeye akataka na tanuri. Alimvuta mwalimu wa darasa mlangoni.

"Ngoja nimwache hapa hapa, mwalimu. Ameshazoea."

"Umemwambia?"

"Nikimwambia atakataa."

Akarudi ndani akamgusa mdogo wake begani. "Chaki ya kuchorea imeniisha. Nakwenda kibandani kuchukua nyingine, narudi sasa hivi. Wewe endelea."

Kitinda alimtazama, akaitikia kwa kichwa. Fundi akaukata uwanja wa shule shingo imekakamaa, akijiambia kwamba akigeuka tu, ataharibu yote.

Hakuwa hata ametunga uzi kibandani alipoitwa. Alimkuta Kitinda chini ya dawati la nyuma, ameizungusha futi kiganjani ikakaza mpaka vidole vikapauka, meno yanagongana. Fundi alimbeba mgongoni mpaka nyumbani, miguu mirefu ile ikimpiga magotini, na watu barabarani wakapisha njia kama wanapisha jeneza.

Jioni ile Mama alisikia habari yote, bado kashika mkoba wake wa kazini. "Ulimwambia utarudi?"

"Ndiyo, Mama."

Mama akakaa kitandani. "Basi sasa hatuna mtu wa kutoka naye," alisema.

Ijumaa ikaja ikapita, na jina halikwenda. Hilo Fundi angelivumilia, mtihani huja tena mwakani. Lililomvunja ni kwamba Kitinda hakutoka tena hata kwenda kibandani. Fundi akimwita, anaitika kwa adabu, kama anayemwitikia mgeni. Akimsogelea, anasogea ukutani.

Jumapili alasiri Fundi alishindwa kuvumilia. Akapiga magoti kando ya kitanda, yeye mkubwa, mbele ya mdogo. "Nilikudanganya, mdogo wangu. Sikwenda kuchukua chaki. Nilikuacha. Nilidhani nakusaidia."

Kitinda hakulia. Alikuwa akichezea pindo la shuka, akilikunja na kulikunjua.

"Najua, dada," alisema. "Chaki ilikuwa mezani. Nikasimama dirishani nikawa nakutazama mpaka getini. Nilijua utageuka."