Swali la Kumi

Hospitalini kwetu mpiga picha za macho tulimwita Mama Usipepese, kwa kuwa ndilo neno alilolisema kutwa nzima. Kidevu hapa, paji pale, tazama taa ya kijani, usipepese! Mashine inamulika, na sehemu ya nyuma ya jicho inatokea kwenye kioo na mishipa yake yote. Ukipepesa alikusonya, hata uwe bosi. Mimi ndiye karani wake, meza yangu mlangoni pake, na mdomo wangu, sikatai, ulikuwa haujui kufungwa.

Mwaka ule madaktari walichunguza kama jicho linaweza kudokeza ule ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, na hata hatari ya mgonjwa kujiua. Bado hawakuwa na hakika. Kwa hiyo kila picha ilikwenda na fomu ya maswali kumi, la mwisho likiwa: umefikiria kujiua? Mama Usipepese aliwauliza watu bila kumung'unya maneno.

Siku moja akaingia kijana mrefu, vifungo vya shati vimekwenda kombo. "Jirani yangu," Mama Usipepese aliniambia, macho chini. Jirani! Sura zao shilingi kwa ya pili. Nikaacha mafaili nikasimama pale pale kusikiliza.

Alimtia dawa ya matone, akamuuliza maswali tisa. La kumi akaliwekea alama ya "Hapana" mwenyewe, kimya, akafunga fomu.

"Dada," kijana akasema, kidevu bado kwenye mashine, "nimekaa kwenye benchi saa nzima nawasikia wenzangu. Wote umewauliza kumi. Mimi tisa."

Mama Usipepese alinitazama mimi, si yeye. Uso ulimsawijika kwa aibu. Kisha akaifungua fomu, akaikata ile alama, akatia sahihi pembeni.

"Umefikiria kujiua, mdogo wangu?"

"Ndiyo. Tangu juzi. Nimekuja ili uniulize."

Picha haikupigwa. Matone yalikuwa yamemtia ukungu machoni, basi alimshika mkono wakaenda chumba cha daktari, hatua kwa hatua.

"Nani amekuja naye?" daktari aliuliza mlangoni.

"Mimi. Dada yake, tumbo moja." Benchi zima lilimsikia.

Nilirudi mezani kwangu na haya tele. Miaka yote ile, aliyekuwa akiogopwa ni mimi na mdomo wangu.