Gauni la Harusi Kwenye Bucha ya Kikopey

Nakumbuka Jumatatu moja, mwanangu, nikiwa na miaka ishirini na mitatu na mdomo mkubwa kuliko kofia yangu ya pikipiki. Nilikuwa msichana pekee kati ya wapelekaji mizigo wanne wa kampuni moja pale Nakuru. Meneja alituita akasema makao makuu yanataka gharama zipunguzwe. Wenzangu wakainamisha vichwa, maana mtu mzima akisikia hivyo hujua ni yeye anayepunguzwa. Mimi nikasimama.

"Boss, mimi hata peke yangu naweza hii barabara yote mpaka Naivasha."

Alinipigia makofi. Ulimi huponza kichwa, lakini wangu ulianza na vichwa vya wenzangu. Kufikia Jumatano, Otieno alikuwa ameachishwa kazi. Mzee Kiptoo, aliyetufundisha sisi sote kufunga mizigo, akaambiwa akae kwake Gilgil asubiri kuitwa mizigo ikizidi. Haikuwahi kuzidi, kwa sababu iliyozidi nilibebeshwa mimi. Mwenzangu aliyebaki alipewa mji, mimi nikapewa barabara.

Nikawa natoka saa kumi na mbili asubuhi. Chakula cha mchana nilikula juu ya pikipiki, chapati mkono mmoja, simu mkono wa pili, mteja akiuliza nimefika wapi. Siku moja, kwa kuchanganya mizigo, nilimpelekea daktari wa meno mbegu za sukuma wiki. Alishukuru kwa adabu, sijui alizipanda wapi.

Kisha ikafika Jumamosi moja. Nilikuwa na maboksi mawili yanayofanana. Moja lilikuwa la bucha ya Kikopey, pale karibu na Gilgil, lenye makoti meupe na gambuti, vile viatu virefu vya mpira vya wachoma nyama. Jingine lilikuwa la Kihoto, kule Naivasha, lenye gauni la bibi harusi aliyetakiwa kanisani saa tano. Kwa uchovu na haraka sikusoma majina. Pale Kikopey nilishusha boksi, nikapata sahihi, nikaondoka mbio.

Nilipofika Kihoto, mama wa bibi harusi alifungua boksi langu mbele ya shangazi wote. Akatoa gambuti, akaziangalia, akaniangalia mimi. Akaniuliza pole pole kama nimesikia kanisa limefurika maji. Kabla sijajibu, simu yangu ikalia. Alikuwa mwenye bucha.

"Madam, hii koti mmeniletea iko na mkia. Sasa nitachoma nyama nikiburuta?"

Bibi harusi akaanza kulia. Ningeenda Kikopey na kurudi, nisingewahi. Aliyekuwa karibu na bucha ile, tena hana kazi, alikuwa mtu mmoja tu, na hakuwa na kazi kwa sababu yangu. Nikampigia kwa aibu. Mzee Kiptoo hakuuliza swali hata moja. Aliwasha pikipiki yake, akapitia bucha, akafika Kihoto saa tano kasorobo, gauni amelifunga kifuani kama mtoto mgonjwa. Bibi harusi aliingia kanisani akinukia mbuzi choma, na nasikia bwana harusi hakuacha kutabasamu.

Nilipomshukuru, mzee aliniambia bila kupandisha sauti, "Binti yangu, meneja alitaka kukata. Lakini panga ni wewe ulimpatia."

Sikulala vizuri siku mbili. Jumatatu nilienda kwa meneja nikakiri mbele ya mwenzangu aliyebaki kwamba nilijigamba bure, siwezi kazi ile peke yangu na hakuna anayeiweza. Mama wa bibi harusi alikuwa ameshampigia, kwa hiyo meneja alinisikiliza vizuri sana. Mzee akarudishiwa zamu zake. Otieno hakurudi. Alikuwa ameshaanza boda boda, na mpaka leo tukikutana hunisalimia kwa heshima inayouma kuliko tusi.

Mwanangu, jitume kazini, sikukatazi. Lakini ukiulizwa kama unaweza kazi ya watu wawili, uliza kwanza yule wa pili ataenda wapi. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, na anayejisifu kuwa anaweza huishia kuwaumiza wenzake. Saa zako za kupumzika nazo ni zako, usizigawe ili usifiwe na mtu atakayekusahau kesho. Mungu akujalie kazi yenye staha, na wenzako wa kuifanya nao.