Sombe ya Immaculata na Dawa ya Damu

Mzee Telesfori wa Kakese aliogopa vitu viwili tu: moyo wake kusimama, na kukosa sombe. Marehemu mkewe, Immaculata, alitwanga majani ya muhogo ya sombe hiyo kila asubuhi, na mlio wa kinu chake ulifika mpaka kwa majirani. Jamani, mwanamke yule alijua kutwanga! Tangu azikwe, mkamwana wao Jeannine alitwanga Jumapili tu, na mzee alikula sahani mbili huku machozi yakimlengalenga.

Moyo ulipomshika ghafla shambani, alikimbizwa hospitali mjini Mpanda. Wakamchoma sindano za tumboni za kuzuia damu isigande, kisha wakampa vidonge vya kwenda navyo nyumbani, awe anarudi kupimwa. Wakamwonya kwamba mboga za majani hupunguza nguvu ya vidonge hivyo, asizile ovyo. Mzee akasikia alivyotaka. Kama alivyozoea kufunga kabla ya komunyo, akawa anafunga sombe wiki nzima kabla ya kipimo, ili damu yake ifike kwa daktari ikiwa na adabu. Akishapimwa, sahani mbili.

Kipimo kikaonyesha damu nyepesi mno, dozi ikapunguzwa. Nyumbani sombe ikamaliza nguvu ya dawa iliyobaki, damu ikaanza kuganda. Asubuhi moja mkono ukafa ganzi na mdomo ukaenda upande. Bahati yake, vilirudi kabla ya jua kuzama.

“Dokta, baba anafungaga hiyo mboga mpaka apimwe,” Jeannine alimwambia Daktari Zuleha walipomrudisha hospitali. Mzee akamkata jicho.

“Nasikia kuna vidonge vipya visivyogombana na mboga,” akasema. “Nipe hivyo, mwanangu.”

“Wengine nawapa, mzee wangu. Ila wewe valvu ya moyo imebana. Kwa moyo kama wako, dawa hii ya zamani inalinda vizuri zaidi.”

Telesfori akainamisha kichwa. “Basi Immaculata wangu amekufa mara ya pili.”

Jeannine akaeleza habari ya kinu. Daktari akamgeukia mzee.

“Nani kasema uache? Kula, ila kidogo, kiasi kilekile, kila siku. Dozi tutaipanga kufuata hapo.”

“Kila siku?”

“Kila siku.”

Kesho yake alfajiri kinu kikaanza kulia. Mzee alikaa kitandani akisikiliza, akalia bila aibu. Jirani Polycarpe akapaza sauti ng’ambo ya ua kuuliza kuna sherehe gani.

“Hakuna sherehe,” mzee akajibu. “Natengenezewa dawa.”